Mkono wa Kushoto na Maziwa ya Mpapai

Baba yangu aliamini kwamba ngozi ya binadamu ni kama sare ya kazi: ukiifua na kuipiga pasi, haiharibiki. Aliamini mambo mengi ya namna hiyo. Alikuwa askari magereza mjini Jinja kwa miaka ishirini na ushei, akastaafu na cheo cha sajini, mkanda wa ngozi, na tabia ya kuwapanga watu mistari. Alipostaafu hakurudi kwao Teso. Alihamia Budondo, upande wa mama, kwenye shamba ambalo mama aliachiwa na baba yake. Mwanamume kukaa ukweni husemwa, lakini yeye hawakumsema sana, maana hakuwaachia nafasi ya kusema.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza senia ya nne, yaani kidato cha nne, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa polisi. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa na uchungu wa nchi. Nilikulia kwenye nyumba za askari, nikaona jinsi mwanamke mwenye sare anavyoingia soko la Jinja na watu wakampisha bila kuombwa. Nilitaka kupishwa. Nilitaka pia kitanda kwenye bweni ambalo baba hakuwa na ufunguo wake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na redio ilitangaza kwamba vijana wa mashariki wataandikishwa Mbale baada ya miezi miwili. Watu walisema baada ya hapo milango itafungwa kwa muda mrefu.

Miezi miwili hiyo ndiyo baba aliyoichagua kuwa bwana mkubwa wa mapapai.

Alikuja Mkenya mmoja na pikapu, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akatuambia kuna watu wananunua maziwa ya papai bichi. Si tunda, maziwa yake, ule utomvu mweupe unaotoka ukilikwaruza. Yakaushwe juani yawe kama makombo ya mkate, yeye atayachukua. Alisema huko yaendako yanalainishia nyama, yanasafishia ngozi za viatu, na wenye viwanda vya bia wanayatia ili bia isifanye ukungu ikiwekwa kwenye barafu. Watu wa Budondo walicheka. Mapapai kwetu yaliota yenyewe nyuma ya vyoo, ndege wakayala, na leo mtu anataka machozi yake! Baba hakucheka. Jioni ile ile aliunda kikundi, akajichagua mwenyekiti, na kesho yake asubuhi watu ishirini na wanne walikuwa wamesimama mistari miwili mbele ya nyumba yetu wakihesabiwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, ili niwe mfano. Kazini alitaka nimwite afande.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unaamka kabla jua halijawa kali, maana jua likipanda utomvu unakuwa mzito na hautiririki. Una wembe uliofungwa kwenye kijiti. Unalichanja papai bichi mistari minne mitano ya juu juu, bila kuingia ndani, na maziwa yanachuruzika. Mkono wa kulia unachanja. Wa kushoto unashika bakuli chini ya tunda, na kwa kuwa papai halijali bakuli lako liko wapi, wa kushoto ndio unaooga.

Wanawake wa Budondo hawakuwa wajinga. Siku ya pili tu waliona ncha za vidole zinawawasha, wakafanya walichofanya mama zao walipomenya mapapai mabichi ya kupika na nyama ngumu: walichukua majani makavu ya mgomba, wakayalainisha kwa maji, wakajifunga kila kidole. Vidole vilionekana kama watoto wadogo waliovikwa mablanketi. Mama yangu alinifunga vyangu.

“Hii maziwa ya mupapari inakura mutu,” alisema. Mama ni Msoga, na l na r kwake zilikuwa ndugu waliokopeshana nguo. “Kama inarainisha ng'ombe, wewe ni nani?”

Hiyo ilikuwa sayansi yote, kwa sentensi mbili, kutoka kwa mtu aliyeacha shule darasa la tatu. Baadaye nilisomeshwa miaka kadhaa kuambiwa hayo hayo kwa maneno marefu.

Baba alipofanya ukaguzi siku ya tatu aliona vipande vya majani ndani ya utomvu. Akasimama katikati ya mistari, akashika bakuli juu.

“Hii ni uchafu. Mukenya nakuja kuona majani, nafikiri sisi watu ya porini. Kutoka leo, majani kwa mukono hapana. Mimi nasema na Mukenya, naleta glavu.”

Na kweli, Mkenya alileta glavu za mpira, jozi kumi na mbili, zilizopangwa vizuri kwenye boksi. Mtu yeyote mwenye akili ya kuku angejua la kufanya: wachanje kumi na mbili, wengine waanike utomvu kwenye sinia, kisha wapokezane. Lakini baba alikuwa amegawa blanketi na sabuni gerezani kwa miaka ishirini na ushei, na gerezani, alisema, kitu kikigawanywa bila usawa kesho yake kuna fujo. Jozi kumi na mbili ni glavu ishirini na nne. Watu ni ishirini na wanne. Mahesabu yalimpendeza mpaka akatabasamu.

“Kila mutu glavu moja. Haki sawa.”

Mstari wa mbele tukapata za kulia. Mstari wa nyuma wakapata za kushoto. Sijawahi tena kuona haki iliyokamilika namna ile na isiyomfaa mtu namna ile. Wa nyuma angalau walipona kwa bahati. Sisi wa mbele tulikuwa na mkono wa kulia uliovaa vizuri, umeshika kijiti kikavu, na wa kushoto uchi chini ya mvua ya maziwa.

Najua unachofikiri. Glavu ya mpira ukiigeuza ndani nje, ya kulia inakuwa ya kushoto. Nililifikiria hilo dakika ileile, nikaigeuza ile glavu yangu, ikaingia bila taabu. Baba akaniona kutoka mwisho wa shamba.

“Wewe nageuza kifaa?”

“Afande, mkono huu ndio unaomwagikiwa.”

“Gwanda nageuzwa? Buti nageuzwa? Vaa vile imetengenezwa.”

Nikavaa vile ilivyotengenezwa. Wenzangu kumi na mmoja wa mstari wa mbele walikuwa wamenitazama ili waone kama inawezekana, na baada ya hapo hakuna aliyejaribu. Ndiyo maana aliniweka mbele.

Sasa mimi ni mwalimu wa baiolojia, katika shule moja ya Nabuyonga, Mbale, na kila mwaka ninafika kwenye mada hii na kila mwaka ninaifundisha kwa hasira. Wanafunzi wanadhani nawachukia wao. Nawaambia: nyama ni protini, yai ni protini, na ngozi yako unayoipaka mafuta ni protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino zilizoshikana mikono, na kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuikata mikono hiyo. Kile cha papai kinaitwa papaini. Hakichoki. Kikishakata kiungo kimoja kinahamia kingine, chenyewe kikabaki kama kilivyokuwa, kwa hiyo tone dogo linafanya kazi kubwa ukilipa muda. Mpapai haukukitengeneza kwa ajili ya bia ya mtu. Umekiweka kwa ajili ya viwavi: kiwavi akiuma jani bichi anakunywa kitu kinachommeng'enya kabla yeye hajalimeng'enya jani.

Mwanafunzi mmoja, kila mwaka, huuliza mbona mpapai haujili wenyewe. Hilo ndilo swali zuri, nami humpa anayeuliza sifa yake. Mti umekifungia kimeng'enya kwenye mirija yake ya pekee, tena kikiwa kimelala, hakijakamilika. Ukiuchanja ndipo kinapoamka, kwa dakika chache tu. Mwili wetu unafanya vivyo hivyo. Tumbo halihifadhi pepsini iliyo macho, linahifadhi iliyolala, asidi ikija ndiyo inayoiamsha, na ukuta wa tumbo wenyewe umejipaka ute mzito usiguswe. Kongosho nalo linapeleka vimeng'enya vyake utumbo mdogo vikiwa usingizini. Vikiamkia njiani, vinamla mwenye navyo, na huyo huwaachia ndugu zake mazishi. Kila kiumbe chenye sumu ya namna hii kinajua kujikinga pande zote mbili. Hata mti, usio na kichwa, haukujivika glavu moja.

Basi, mkono wangu. Wiki ya kwanza uliwasha. Wiki ya pili ngozi ya vidole ilianza kutoka vipande vyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Wiki ya nne haikuwasha tena, na hapo nikajidanganya kwamba umezoea. Haukuzoea, hakukubaki ngozi ngumu ya kuwasha. Vidole vilikuwa laini, vyekundu kidogo, vinang'aa. Shilingi iliniponyoka. Nilimwonyesha baba mara moja tu. Akavitazama, akasema yeye alipokuwa kuruta aliruka kwenye miiba na hakulia, akaenda kuhesabu sinia za utomvu. Nilimdharau, lakini kesho yake nilirudi mstarini kama wale wafungwa wake.

Mimi nilikuwa nafanya mazoezi. Baada ya kuanika nilikimbia barabara ya vumbi hadi dukani na kurudi. Nilijipima kimo kwenye fremu ya mlango. Nilisafisha meno kwa mkaa, kwa kuwa tulisikia wanakagua meno. Kila kitu ambacho mwili wa askari unatakiwa kuwa nacho nilikikagua, isipokuwa kile nilichokipoteza. Nani huangalia michoro ya vidole vyake mwenyewe? Lakini mtu wa kuiangalia alikuwepo nyumbani kwetu. Baba alishika vidole vya wafungwa maelfu, akavipaka wino na kuvibingirisha kwenye karatasi, kidole baada ya kidole. Alijua kuliko mtu yeyote Budondo mchoro wa kidole ni nini, na alitazama vidole vya mtoto wake asione kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa kimevaa mkanda.

Tulikwenda Mbale pamoja. Tulilala Nabuyonga kwa dada yake mama, na asubuhi baba alinyoa, akavaa shati jeupe, akakaza ule mkanda. Uwanjani kulikuwa na vijana wengi wamekaa kwenye nyasi, na meza tatu chini ya turubai. Meza ya kwanza kimo na macho, ya pili vidole, ya tatu fomu, ambako unaandika majina ya wazazi na mahali unakotoka. Afisa wa meza ya pili alimwona baba kutoka mbali akasimama.

“Sajini! Iko hai?”

Kumbe zamani alikuwa konstebo mdogo, aliyeleta watuhumiwa gerezani Jinja, na baba alimkemea siku moja kwa kuleta karatasi zenye alama zilizopakwa vibaya. Alilisimulia hilo kwa wenzake kwa furaha, kama mtu anayesimulia alivyotahiriwa. Baba akapewa kiti kivulini, kando kabisa ya meza, na soda. Afisa akamuuliza kilichomleta.

“Naleta mutu moja,” baba alisema.

Kimo nilipita. Macho nilipita. Nilipofika meza ya pili nilikuwa natabasamu, maana nilimwona baba na soda yake pembeni ya mtu mwenye kalamu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahi kuwa mtoto wake.

Mkono wa kulia ulipita vizuri, vidole vitano, michoro mitano, safi. Afisa alishika wa kushoto akaubingirisha. Akaangalia karatasi. Akafuta kidole changu kwa kitambaa, akapaka tena wino, akabingirisha tena. Madoa matano meusi, matupu, kama mtu aliyechovya ncha za mshumaa.

“Hii mukono iko na nini?”

“Afande, ni maziwa ya papai. Tunagema huko Budondo.”

“Papai?” Akacheka, na wenzake wakacheka. “Mimi nakula papai kila asubuhi, na ulimi iko.”

Alikuwa sahihi kuhusu ulimi wake. Papai likiiva utomvu unakwisha karibu wote, ndiyo maana tunda bivu ni tamu na salama. Lakini sikuwa na baiolojia hiyo wakati ule, na hata ningekuwa nayo, nani angeisikiliza kutoka kwa msichana aliyesimama na kiganja cheusi? Akauinua mkono wangu kwenye mwanga. Sauti ilikuwa imebadilika.

“Wewe nachoma na nini? Asidi? Mimi naona watu kama hii. Wezi ya magari nachoma vidole. Lakini wao nachoma yote. Wewe nachoma mukono moja, nangoja nini?”

Nikasema tena ni papai, nikasema tulikuwa na glavu ya mkono mmoja. Hilo liliwafanya wacheke zaidi. Nani hugawa glavu moja moja? Afisa akamgeukia baba, kwa heshima, kama mtu anayemgeukia fundi.

“Sajini, wewe nashika vidole miaka mingi. Nasema nini? Huyu ndiye mutu yako?”

Neno moja tu lilihitajika. Angesema, ndiye, ni mtoto wangu, na glavu niligawa mimi. Wangecheka kidogo, wakamwambia arudi nami baada ya wiki chache ngozi ikishaota, maana ngozi huota, hilo afisa wa vidole angelielewa kuliko sisi wote. Baba aliniangalia. Akaangalia wale maafisa waliokuwa bado wana kicheko midomoni, wakingoja kujua ni mjinga gani wa Budondo aliyegawa glavu. Akaweka soda chini.

“Hapana,” alisema. “Mimi hapana jua yeye vizuri. Ni musichana ya kijiji tu. Yeye naomba mimi nasindikiza tu.”

Nilifungua kinywa. Halafu nikafikiri: nikisema ni baba yangu, atakuwa mwongo mbele ya watu wanaomwita Sajini. Nikakifunga. Nimeudharau woga wake miaka yote hii, lakini ule upole wangu wa dakika moja nimeudharau zaidi. Afisa akachana karatasi yangu katikati, bila ubaya, akanionyesha lango. Meza ya tatu, ya majina ya wazazi, sikuifikia.

Tulipanda gari kurudi Jinja. Alininunulia muwa uliomenywa, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto. Niliumwa na lile neno kuliko kazi niliyoikosa. Kazi ningeitafuta nyingine. Tulipofika Budondo alimwambia mama, na mama akawaambia majirani, kwamba nimeangushwa na kimo. Mama alinitazama, mimi niliyekuwa nikimpita kichwa kizima.

Kesho yake asubuhi mistari ilipangwa kama kawaida. Nilijipanga mahali pangu, mikono mitupu. Baba alipita akikagua, akafika kwangu, akasimama.

“Vifaa yako iko wapi? Wewe naumwa?”

Watu ishirini na watatu walikuwa wakisikiliza. Nilimjibu kwa Kiswahili chake mwenyewe, cha gerezani, ili asikose hata neno.

“Hapana umwa, bwana. Lakini wewe ni nani, nauliza mimi? Mimi hapana jua wewe.”

Akafungua mdomo. Kutoka mstari wa nyuma mama akauliza, “Umesema nini, mwana?” Nami nikageuka nikamwambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, nilichosema na nilikosikia kikisemwa kwanza, na mbele ya nani, na kuhusu mkono gani. Sikuacha kitu, hata soda sikuiacha.

Nilipomaliza, baba alikuwa ameshikilia mkanda wake kwa mikono yote miwili. Aliangalia mbele yake, juu ya vichwa vyetu, akatoa amri ya kutawanyika. Hakukuwa na wa kuitii, kwa sababu mama alikuwa tayari amenishika mkono, ule wa kushoto, na sote tulikuwa tunaondoka.